Uliza Bibi Shamba: Dawa za kuku zimefika kwenye tuta

Mwezi huu simu yangu imejaa meseji za samadi, na nyingi zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, yaani ile antibayotiki anayopewa kuku au ng'ombe ikishatoka na kinyesi, na kinyesi kikaenda shambani, mazao yanapata nini? Nimechagua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu nyingine zote zinategemea hiyo.

Shikamoo bibi shamba. Nalima bustani huku Bunju, mchicha, chainizi na maharage kidogo. Nilinunua viroba kumi na viwili vya samadi kwa jirani anayefuga broila, nikamwaga kwenye matuta na wiki ileile nikapanda. Mchicha umeota ukasimama palepale, maharage yamedumaa na majani yana umanjano. Jirani mwingine ananiambia ni zile dawa, maana yule bwana kuku wake wanakunywa OTC kila mara. Kweli dawa ya kuku inaweza kudumaza mmea? Nimeshatumia karibu laki na nusu hapo.

Marahaba mwanangu, pole sana, laki na nusu siyo hela ya kupotelea kwenye mchicha. Ila hapo kwako kuna mambo mawili yameshikana, na tukiyachanganya utahangaika na lile ambalo halijakuumiza.

La kwanza ni ubichi. Samadi ya kuku ina naitrojeni na chumvi nyingi kuliko ya ng'ombe, na ikiwa bado mbichi inatoa amonia, ile harufu inayokukata pua ukifungua kiroba. Mche wenye mizizi kama uzi hauwezi kuhimili hiyo. Umesema ulimwaga na kupanda wiki ileile, kwa hiyo mimi mtuhumiwa wangu wa kwanza ni huo ubichi, hata kama kuku wale wasingekuwa wameonja dawa maisha yao yote. Dalili zake zinakuja haraka, ndani ya siku chache kingo za majani zinaungua rangi ya kahawia na miche mingine inalala kabisa.

La pili ni dawa, na hapo jirani yako hajakosea. Kuku akinywa antibayotiki haitumii yote. Kutegemea na dawa, kati ya asilimia 30 na 90 inatoka kwenye mkojo na kinyesi, na sehemu kubwa inatoka ikiwa bado dawa kamili, yenye nguvu zake. Inadondokea kwenye maranda, maranda yanaingia kwenye kiroba, kiroba kinakuja kwako. Kuku wa broila wanakaa juu ya maranda yaleyale wiki tano sita mpaka wanauzwa, kwa hiyo mabaki ya kila dozi waliyopewa tangu vifaranga wa siku moja yanadondokea humohumo.

Sasa utauliza, dawa ya kuua bakteria inamhusu nini mchicha? Watu wengi hapa wanaona haiwezekani, na mimi niliona hivyohivyo zamani mpaka nikaelezwa ndani ya jani kuna nini. Ile rangi ya kijani iko kwenye vyumba vidogo sana vinaitwa kloroplasti, ndimo mmea unamopikia chakula chake kwa jua. Vyumba hivi asili yake ni bakteria walioingia ndani ya mababu wa mimea enzi za kale mno wakabaki humo, na mpaka leo mitambo yao ya kutengeneza protini inafanana na ya bakteria. Oksitetrasaiklini, ndiyo hiyo OTC, kazi yake ni kuubana mtambo huo. Inaubana kwa bakteria wa kuku, na ikiingia kwenye mmea kwa kiasi cha kutosha inaubana na kwenye jani, ndiyo unaona umanjano na kudumaa.

Dawa za salfa, zile wafugaji wanatumia sana kwa kuhara damu, zinapita njia nyingine. Zinamzuia mdudu asitengeneze foliki, ile vitamini wajawazito wanapewa kliniki. Kuku haumii kwa sababu foliki anaipata kwenye chakula, sisi pia tunaipata kwenye chakula. Lakini mmea hauli chakula, foliki yake unaitengeneza wenyewe, na kwa njia ileile ya bakteria. Kwa hiyo salfa ikikutana na mmea, mmea uko upande wa mdudu. Kwenye majaribio ya mahindi ilionekana zaidi mizizini, inakuwa mifupi na inatawanyika ovyo badala ya kushuka chini.

Na siyo kila zao linaumia sawa. Mtafiti mmoja wa Marekani, Batchelder, mwaka 1981 na 1982 alijaribu OTC na ndugu yake klorotetrasaiklini kwa mimea mbalimbali. Maharage ndiyo yaliyoumia sana, yakawa mafupi na mepesi, yakashindwa hata kuchukua kalsiamu na potasiamu vizuri, wakati mahindi hayakujali sana. Na maharage yenyewe yaliumia kwenye udongo wa kichanga kuliko wa mfinyanzi, kwa sababu tetrasaiklini, yaani jamii nzima ya OTC, inapenda kung'ang'ania chembe za mfinyanzi na mboji, ikishang'ang'ania mzizi hauipati kirahisi. Hapo nikakufikiria wewe, maana udongo wa ukanda ule wenu mwingi ni mchanga.

Lakini nisikutishe kupita kiasi. Majaribio mengi yaliyoonyesha mmea kufubaa kabisa yalitumia dozi kubwa kuliko ile inayokutwa mashambani. Shambani madhara ni ya taratibu, mavuno yanapungua kidogo, mizizi inakuwa dhaifu, na kwa maoni yangu kikubwa zaidi ni wale wadudu wazuri wa udongoni, wanaobadilisha amonia kuwa chakula cha mmea na wale wanaoishi kwenye mizizi ya mikunde. Hao ni bakteria, na hiyo dawa ilitengenezwa kwa ajili ya kuua bakteria.

Mwaka jana nilikuwa Kibaha kwa mama mmoja analalamika maharage hayapendezi. Nikachimba shina moja kwa jembe dogo taratibu, nikasuuza mzizi kwenye beseni. Kwenye mzizi wa mharage unatakiwa uone vinundu, vidogo kama punje za uwele, na ukikikata kimoja kwa kucha ndani kiwe na wekundu kama nyama mbichi, hapo ujue bakteria wa humo wanafanya kazi ya kuvuta naitrojeni hewani. Vya kwake vilikuwa vinne tu, nikakata viwili, vyeupe. Tukatembea hatua kama ishirini mpaka kwenye mstari ambao samadi haikufika, tukachimba tena, vinundu vimejaa na vyekundu. Yule mama akakaa chini palepale akavikata vyote kimoja kimoja kwa kucha yake, hakuamini. Hata hivyo sikumwambia ni dawa, kwa sababu samadi nyingi peke yake, hata isiyo na dawa, inampa mharage naitrojeni ya kutosha mpaka asihangaike kutengeneza vinundu.

Ndiyo maana nataka ufanye jaribio, na halina gharama. Tafuta makopo tisa, toboa matundu chini. Matatu weka udongo mtupu ambao haujawekewa samadi. Matatu changanya udongo na samadi ya huyo jirani iliyokaa angalau mwezi mmoja na nusu ili ubichi uishe. Matatu mengine changanya na samadi iliyokaa vilevile ila ya kuku wasiopewa dawa, kwa mfano wa kienyeji, kwa kipimo kilekile. Panda maharage matatu matatu, mwagilia sawa, weka sehemu moja yenye jua. Baada ya wiki nne ng'oa, pima urefu, suuza mizizi, hesabu vinundu na uvikate. Makopo ya samadi mbili yakilingana, basi tatizo lako lilikuwa ubichi. Ile ya kuku wa dawa ikiwa nyuma kwenye makopo yote matatu, hapo una sababu ya kuikataa. Vipimo vya kawaida vya udongo havitakusaidia kwa hili, vinakwambia pH na naitrojeni na fosforasi, dawa havigusi.

Kwa matuta uliyonayo sasa, mwagilia maji mengi siku chache mfululizo ushushe chumvi, halafu yaache wiki kama sita. OTC haishuki na maji, yenyewe inabaki imeshikilia udongo na inapungua polepole kwa wiki mpaka miezi, kwa hiyo changanya mboji iliyoiva vizuri, na msimu huu panda mahindi hapo badala ya maharage. Mchicha rudisha baadaye.

Madam habari, nawaandikia kutoka Kiambu. Nafuga ng'ombe watatu wa maziwa na niko na mtambo wa biogesi, ile slari, uji wa mavi unaotoka kwa mtambo, natumia kwa sukuma na nyasi ya nepia. Mmoja amekuwa na mastaitisi, ule ugonjwa wa kiwele, mara mbili mwaka huu, daktari akadunga dawa na kuweka ingine kwa chuchu. Maziwa nilikuwa namwaga kwa shamba la sukuma. Gesi nayo ilipungua hizo wiki. Je, hizi vitu zimeunganika? Na biogesi inaua dawa?

Habari njema kijana wangu, na hongera kwa kutouza hayo maziwa, kuna wanaoyachanganya na ya ng'ombe wengine wakapeleka hivyohivyo.

Gesi kupungua inawezekana kabisa ikawa ni dawa. Ndani ya mtambo wako wanaofanya kazi ni wadudu wadogo wanaosaidiana, mmoja anavunja, mwingine anatengeneza gesi, na dawa ikiingia nyingi inawavuruga. Ila angalia na mengine, kama kipindi hicho kulikuwa na baridi, gesi ya Kiambu inashuka yenyewe. Na kama kuna siku ulimwaga maziwa kwenye mtambo, nayo yanachachusha yakiwa mengi.

Kuhusu mtambo kuua dawa, ni nusu kwa nusu, nyingine zinavunjika na nyingine zinatoka na slari zikiwa nzima. Hapa jina la dawa ndilo linaamua. Nyingi za kuweka kwenye chuchu ni za jamii ya penisilini, na hizo kwa bahati nzuri ni dhaifu zikitoka nje, zinavunjika haraka kwenye samadi na udongo, mimi hazininyimi usingizi kwa habari ya sukuma wako. Lakini kama ile sindano ilikuwa oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu, hiyo ni ya kuangalia. Kwa hiyo mara nyingine muulize daktari jina, liandike, na mavi ya ng'ombe huyo siku zote za matibabu pamoja na siku za kusubiri maziwa yaweke pembeni kwenye rundo lake, yasiingie kwenye mtambo. Maziwa yenyewe usirudie kuyamwaga sehemu moja ya sukuma, chimba shimo mbali na kisima na mbali na mto, changanya na majani makavu na udongo ufunike.

Mastaitisi mara mbili kwa mwaka kwa ng'ombe mmoja ningetazama sakafu anapolala kabla ya kutazama dawa nyingine.

Bibi shamba, mi niko Morogoro, si mkulima, ni mlaji tu wa mboga. Nikisoma haya mambo naogopa. Hiyo dawa inaingia kwenye mboga ninayokula? Nikipika inaisha?

Swali zuri na nafurahi umeuliza mlaji.

Inaingia, lakini kidogo mno. Huko Minnesota, Marekani, mwaka 2005 watafiti walipanda mahindi, vitunguu vya majani na kabichi kwenye udongo wenye samadi iliyotiwa dawa mbili za mifugo. Mimea yote mitatu ilinyonya klorotetrasaiklini, ila ile nyingine, tailosini, haikuingia, molekuli yake ni kubwa. Walichokuta kwenye mboga kilikuwa nanogramu 2 hadi 17 kwa kila gramu, na kilipanda kadiri dawa ilivyokuwa nyingi kwenye samadi. Tufanye hesabu ya nyumbani: ukila robo kilo ya mboga yenye kile kiwango cha juu, umekula mikrogramu nne na kidogo. Kidonge kimoja cha tetrasaiklini cha miligramu 250 kina zaidi ya mara elfu hamsini ya hapo. Kwa hiyo mboga haikupi dozi, na kupika hata usikufikirie kama dawa ya hilo.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni kingine na nakisema kwa moyo wote. Bakteria walioko kwenye utumbo wa kuku anayepewa dawa mara kwa mara wanajifunza kuishi nayo, wale wasiokufa ndio wanazaana, na wanatoka na kinyesi wakiwa wazima. Wakifika udongoni wanapeana huo usugu na wenzao, kile kipande cha DNA kinapita kutoka kwa bakteria mmoja kwenda kwa mwingine hata kama siyo ndugu. Halafu wanakaa juu ya jani la mchicha au saladi ambayo unaila mbichi. Siku mtoto wako anaharisha sana, unapewa dawa hospitali, haifanyi kazi, na hakuna atakayekumbuka tuta la mchicha.

Kwa hilo kupika kunasaidia, moto unaua bakteria. Za kula mbichi osha kwa maji safi yanayotiririka, jani kwa jani. Na wakulima mnaosoma hapa, Marekani sheria ya kilimo hai inataka samadi mbichi iingie udongoni siku 120 kabla ya kuvuna kama sehemu inayoliwa inagusa udongo, na siku 90 kama haigusi. Mchicha unavunwa wiki tatu nne, maana yake samadi mbichi na mchicha havikutani kabisa kwa kipimo hicho. Mimi naona ni kipimo kizuri hata kwetu.

Shikamoo. Huku kwetu Iringa nyanya zikinyauka tunanunua OTC ya mifugo duka la pembejeo tunachanganya na maji tunamwagia kwenye shina, wengine wanasema hata mimea inapendeza zaidi. Ni sahihi?

Marahaba. Siyo sahihi, naomba muache.

Mnyauko ule wa ghafla, nyanya asubuhi imesimama jioni imelala ikiwa bado kijani, kama ni wa bakteria basi mdudu yuko ndani ya mishipa ya maji ya shina. Jaribu hivi, kata kipande cha shina la chini, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa, ukiona kitu kama moshi mweupe kinashuka ndani ya dakika chache ndiyo huyo. Ukimwaga OTC chini, udongo unaishika kabla haijafika kwenye mishipa, mdudu anabaki, na ukiangalia ulichofanya ni kuwafundisha bakteria wa shamba zima kuizoea dawa. Kuna nchi zinaruhusu OTC kwa mazao, Marekani wanaitumia kwa ugonjwa mmoja wa bakteria kwenye mapera ya kizungu na matofaa, ila inapuliziwa kwenye maua kwa vipimo na kwa vibali, haimwagwi shinani kwa kukadiria na kifuniko cha chupa.

Ila hilo la kupendeza siyo uongo wa macho yenu. Huko Italia walijaribu enrofloksasini, ambayo nayo ipo sana kwenye mabanda ya kuku, kwa tango, saladi, maharage na figili. Kwa kiwango kidogo mimea ilikua zaidi ya ile isiyopewa kitu, kwa kiwango kikubwa mizizi ikawa mifupi na majani yakapungua. Mmea ukishtuliwa kidogo unajibu kwa kujitutumua. Tatizo ni kwamba wewe shambani huna kipimo cha kujua uko upande gani, na unachokiona juu hakikwambii kinachotokea kwenye mzizi. Ng'oa zilizougua na mizizi yake, peleka mbali, usihamishe maji ya mfereji kutoka tuta hilo kwenda jingine, na sehemu hiyo weka mahindi kwa misimu kadhaa, usirudishe nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo.

Nimesoma kwamba antibayotiki zenyewe zilitoka kwenye udongo. Sasa zikirudi kwenye udongo shida iko wapi?

Umesoma sawasawa. Klorotetrasaiklini, ya kwanza kabisa katika ukoo wa OTC, ilitangazwa mwaka 1948, na aliyeipata, Benjamin Duggar, alikuwa mtaalamu wa mimea. Ilitoka kwenye kiumbe kidogo cha udongo wa shamba la majaribio la Chuo Kikuu cha Missouri linaloitwa Sanborn Field, kwenye kipande kilichokuwa na nyasi za malisho. Miaka miwili tu baadaye ikatangazwa kwamba vifaranga wakilishwa mabaki ya kiwandani ya dawa hiyo wananenepa haraka, na hapo ndipo dawa ilipoanza kuingia kwenye chakula cha mifugo kwa wingi, hata kwa mnyama asiyeumwa.

Shida ni wingi na mara ngapi. Kiumbe cha udongoni anatoa tone dogo sana kujikinga na jirani aliye karibu naye, basi. Sisi tunapeleka kwa tani za samadi, kila msimu, mahali palepale, tena na dawa nyingine kama enrofloksasini ambayo imetengenezwa maabara na udongo haukuwahi kukutana nayo. Uswidi walikataza dawa za kunenepeshea tangu 1986, Ulaya yote ya Umoja ikafuata tarehe 1 Januari 2006, na kuku bado wanaliwa huko.

Bibi shamba samahani kwa maswali mengi kwa pamoja. Nikianika samadi juani dawa inaisha? Nikichoma je? Na ukisema mboji iliyoiva unamaanisha nini hasa, maana kila mtu anasema yake ameivisha.

Juani: tetrasaiklini na enrofloksasini kweli zinaharibiwa na mwanga, lakini ni ile ngozi ya juu tu inayoona jua, chini ya hapo hakuna kitu, na wakati huo naitrojeni yako inaruka na amonia. Kuchoma: usichome, umebaki na majivu.

Mboji ndiyo yenyewe. Rundo liwe angalau mita moja kwenda juu na mita moja upana, dogo halipati moto. Samadi ya kuku na maranda yake changanya na mabua au majani makavu, maji kiasi cha kwamba ukikamua kwenye ngumi unyevu unaonekana kati ya vidole lakini haudondoki. Chomeka kipande cha nondo mpaka katikati, siku ya nne au ya tano ukichomoe, kama unaweza kukishika vizuri bila kukiachia rundo lako halijapata moto. Linatakiwa lifike nyuzi 55 hadi 65. Geuza kila wiki ili la pembeni liende katikati. Baada ya miezi miwili mpaka mitatu halina joto tena hata ukigeuza, halina harufu ya amonia, huwezi kutofautisha kinyesi na maranda, na mbegu ya mchicha ukiirushia kwenye kopo lake inaota yote. Hiyo ndiyo naita imeiva.

Na inafanya kazi gani kwenye dawa? Kwenye jaribio moja la samadi ya bata mzinga huko Marekani, klorotetrasaiklini ilipungua kwa zaidi ya asilimia 99. Tailosini na monensini, dawa nyingine ya mifugo, zilipungua kati ya asilimia 54 na 76. Salfa iliyojaribiwa, salfamethazini, haikupungua. Nilipoisoma hiyo ya salfa nilirudia mara mbili. Na salfa tofauti na OTC haishikwi na udongo vizuri, mvua ikinyesha inashuka nayo, na maji ya kisima kifupi yako hapo chini. Kwa hiyo samadi ya kundi lililotibiwa salfa majuzi mimi siipendi bustanini hata ikiwa imeiva, na siipendi kabisa karibu na kisima.

Ndiyo maana nawaambia watu waulize kabla ya kupakia. Kuna dada mmoja anafuga kuku wa mayai karibu na kwangu, nilienda kuomba samadi nikamuuliza kwa adabu, dada yangu kundi hili limekunywa dawa gani na mara ya mwisho lini? Nilidhani atanuna. Akaingia ndani akatoka na daftari la shule lenye doa la mafuta, tarehe, jina la dawa, siku ngapi, kwa sababu gani. Kurasa mbili za mwisho hazikuwa na dawa yoyote ila chanjo ya kideri kila baada ya miezi mitatu, tone la jicho. Akaniambia zamani kuku wakisinzia tu alikuwa anakimbilia OTC, mpaka daktari wa mifugo akamweleza kideri ni virusi, dawa ile haimgusi, alikuwa anamwaga hela. Nikachukua viroba sita. Viko kwenye rundo sasa hivi, nimegeuza mara tatu, na nondo jana ilinichoma kiganja.